Mama Aliyepanga Foleni ya Tezi Dume

Wapendwa, mfikirieni fundi viatu mmoja wa miaka sitini na mbili. Hamalizi saa moja bila kukimbilia chooni, na kiuno kinamuuma. Mkewe akamwambia akapime tezi dume. Fundi akakataa katakata. Alishasikia habari za daktari na glavu, na mnajua akina baba tulivyo.

Siku moja redio ikatangaza kwamba dawa za kutuliza uvimbe huenda zikasaidia kuzuia saratani ya tezi dume, wataalamu bado wanachunguza. Basi. Fundi akanunua vidonge vya diklofenaki, moja ya dawa hizo, akawa anameza kila asubuhi na chai. Kiuno kikatulia, akaanza hata kupiga mluzi kibandani pake.

"Umeona, Mama Tuzo? Redio imesema zinazuia."

"Redio ilisema huenda, Baba Tuzo. Tulikaa mkeka mmoja tukisikiliza. Hiyo huenda umeipeleka wapi?"

Akacheka, akameza kingine. Jamani, yule mama alimpenda mumewe. Aliogopa kumzika. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Yeye alijifunga kanga vizuri, akaenda zahanati siku ya kupima wanaume, akapanga foleni katikati ya wazee.

"Mama, hapa tunapima tezi dume," muuguzi akamwambia kwa upole. "Wewe huna."

"Ninayo," akajibu. "Ipo kibandani, inameza vidonge."

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu, na habari ikamfikia fundi kabla foleni haijasogea. Akaja mbio, miguuni viatu vya wateja wawili tofauti.

"Toka hapo, mke wangu. Unaniaibisha."

"Nitatoka ukiingia."

Akaingia. Wakamkuta na saratani, bado changa. Vile vidonge vilikuwa vimemtulizia maumivu, ugonjwa ukabaki pale pale. Alitibiwa, akapona.

Ndugu zangu, na sisi tuna vidonge vyetu. Tunaimba, tunatoa sadaka, dhamiri inatulia, tunasema tumepona. Nani kati yetu anataka kupimwa moyo? Ndiyo maana Bwana Yesu, asiye na dhambi hata moja, alishuka mtoni Yordani akasimama katika foleni ya wenye dhambi waliokuja kubatizwa na Yohana. Yohana mwenyewe alimshangaa, akataka kumzuia. Yesu hakutoka. Alikuwa amesimama mahali pako, baba, na pako wewe mama, na mpaka leo anangoja uje umguse bega useme, "Bwana, hii ilikuwa zamu yangu."