Bwana wa Mialoni Saba

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na cheo.
Na chakula je?
Hicho kitakuja baadaye.

Haya, mnajibu vizuri kwa watu walioshiba. Mwaka jana nilipokuwa nikisimulia mliniletea mahindi ya kuchoma. Mwaka huu mmeniletea cheo, eti Mwenyekiti wa Kudumu wa Ngano. Nashukuru sana. Kaeni basi, Mwenyekiti aseme.

Hapo kale, huko Welisi, nchi ya milima na manyunyu, kila kilima kilikuwa na bwana wake, na kila bwana alikuwa na jina refu kuliko kilima chenyewe. Katika bonde moja alitawala Dubu. Hakujaliwa kuzaa, akalea wawili: mkubwa Nguruwe Mwitu, na mdogo Kalunguyeye, yule wa miiba anayejikunja akawa kama mpira. Dubu akafa. Akaacha miti saba ya mialoni inayodondosha njugu, to, to, to. Akaacha na vyeo kibao.

Nguruwe Mwitu akasema vyote vyake, gruu, gruu. Kalunguyeye alikuwa na watoto sita, na theluji ilikuwa njiani. Bila njugu zile wanawe wangekufa njaa. Akalia, akapangusa machozi, akaenda kwa Bundi, mwamuzi wa bonde. Bundi akawaita wote, akawakumbusha desturi ya Welisi: urithi ni wa watoto wote, mdogo ndiye anayegawa mafungu, mkubwa ndiye anayechagua, na akishachagua amechagua. Nguruwe Mwitu akakubali upesi. Anayechagua kwanza atapunjwaje?

Kalunguyeye akaja, tiki, tiki, tiki. Kushoto akaweka njugu moja, akasema hili ni fungu la mialoni saba pamoja na matope yake. Kulia akaweka kiti cha Dubu, akaanza kutaja vyeo vya fungu hilo, na kila akitaja anainama. Bwana wa Bonde. Mkuu wa Kijito. Mlinzi wa Mialoni Saba. Mwana wa mwana wa mwana wa Dubu wa Kwanza. Masikio ya Nguruwe Mwitu yakasimama wima.

"Na mwenye mialoni ataitwa nani?" akauliza.

"Ataitwa Kalunguyeye tu, kaka. Hata kiti hana."

Nguruwe Mwitu akacheka moyoni. Akishakuwa Bwana wa Bonde, bonde litakwenda wapi? Akakalia kiti, wanyama wakapiga vigelegele, Bundi akasema imepita.

Kesho yake akaenda mialoni, gruu, gruu, akainamisha pua achimbue. Kalunguyeye akapiga magoti, na wanawe sita wakapiga magoti, na bonde zima likawa linatazama.

"Mtukufu, umeangusha kitu? Maana bwana hachimbui kwa pua. Wanaochimbua kwa pua ni nguruwe."

Nguruwe Mwitu akakohoa, akasema anakagua udongo. Akarudi kitini na njaa yake.

Siku ya pili akaja tena. Kalunguyeye akamsalimu kwa vyeo vyote, polepole, bila kuruka hata kimoja. Alipofika kwenye "mwana wa mwana wa mwana," watoto walikuwa wameshazoa njugu zote, wamezipeleka shimoni. Siku ya tatu vivyo hivyo. Theluji ikaanguka. Watoto sita wakalala na matumbo mviringo. Bwana wa Bonde akabaki mbavu nje, kiti kikimpwaya.

Mwishowe akaja mlangoni kwa Kalunguyeye. "Mdogo wangu, niite nguruwe. Niite mara moja tu, nile."

"Mtukufu," akasema Kalunguyeye, "ulimi wangu hauwezi. Nimelelewa kwa adabu."

Akafunga mlango taratibu, kwa heshima zote.

Ngano imefika kwake, nami bado sijafika kwangu. Funzo, wanangu: cheo ni bora kuliko shibe. Ukiwekewa cheo na sahani ya chakula, chukua cheo, usisite, sahani tuachie sisi wanyonge. Lakini nasikia harufu ya mahindi huko nyuma, na Mwenyekiti wenu wa Kudumu haombiombi. Anayetaka kunivua cheo, aje na mahindi mawili.