Mkeka wa Bi Mwanamkasi na Televisheni Tatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aipunguze sauti. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba hapo katikati hakusikia vizuri.

Palikuwa na mama mmoja Korogwe, Bi Mwanamkasi, fundi wa kusuka mikeka. Nyumbani kwake waliishi watu wazima watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwanaheri, binti yake, alikuwa na kipaji cha kukumbuka shida za watu. Ukimwambia leo goti linakuuma, mwakani anakuletea dawa ya goti. Shekue, mwanawe wa kiume, alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kitu chenye waya hakikuwahi kumshinda, ila kilimchelewesha tu. Zamda, mkwewe, mke wa kitinda mimba aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa na subira ya kukaa na mtu bila kumharakisha. Na palikuwa na jirani, Mzee Kilua, ambaye kipaji chake kilikuwa kuangalia mpira bila kupoteza hata dakika moja. Najua hicho hamkihesabu kuwa kipaji, lakini ngojeni.

Nyumba hiyo ilikuwa na televisheni tatu. Moja sebuleni, nyembamba na pana. Moja ukumbi wa nyuma, karibu na jiko. Ya tatu chumbani kwa Bi Mwanamkasi, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, aliyokataa kuiacha kwa sababu aliinunua kwa mikeka yake mwenyewe. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, hivyo aliifungulia sauti. Sebuleni nao wakaongeza ili wasikie mpira, na ukumbini wakaongeza ili wasikie tamthilia. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa akijua matokeo ya mechi bila kuwasha chochote.

Lakini nyumba ilikuwa na amri moja. Ikiadhiniwa, televisheni zote zinazimwa. Bi Mwanamkasi hakumtuma mtu. Alipita mwenyewe na rimoti zake, chumba hadi chumba, anazima, anasubiri adhana iishe, anarudi kwenye ukindu wake wa kusukia.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia, ule wa kusukia, ulikufa. Mguu ulilegea, na mdomo ukawa mzito, maneno yakitoka yamechoka. Alipelekwa hospitali, akarudi, akalala chumbani mwake. Adhana ikisikika, alisikia televisheni za sebuleni na ukumbini zikiendelea kupiga kelele, kwa kuwa watu walisahau, na yeye hakuweza kunyanyuka. Jambo hilo lilimuuma kuliko mkono. Aliona kwamba amekuwa mgeni katika nyumba yake.

Mwanaheri wakati huo alikuwa kazini Maskati. Mama yake alimweleza habari za adhana mara moja tu, kwenye simu, huku Zamda akimsaidia kuyamalizia maneno. Mwanaheri akaziweka moyoni. Alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi nyumbani, uzito ulizidi, na ilimbidi atoe kitu kimoja. Akaitoa mashine ya kushonea aliyoipania miaka miwili, akaacha ndani spika ndogo ya mviringo, ile inayosikiliza mtu na kufanya anachoambiwa. Alipofika Korogwe aliiweka mikononi mwa mama yake, akasema, "Mama, hii ndiyo miguu yako."

Shekue akaichukua spika, akaizungusha, akainusa kwa karibu, maana mafundi wana tabia zao. Televisheni ya sebuleni ilikubali kuunganishwa siku hiyo hiyo. Ya ukumbini ilikubali siku ya pili. Ile ya mgongo ilikuwa imetengenezwa kabla dunia haijafikiria mambo haya, na kila mtu alimwambia aiache. Mwanaheri mwenyewe alimwambia, "Kaka, si mbili zinatosha?" Shekue akajibu, "Mama amesema zote." Alifunga duka siku tatu. Alitafuta soketi inayopokea amri kwa intaneti, akaifungua, akaifunga, akaunguza moja, akatafuta nyingine. Siku ya tatu jioni alisema "Zima zote", na televisheni tatu zikazima kwa pamoja. Akaiweka spika kwenye rafu, kando ya mlango wa bafu la mama.

Lakini spika ilimwelewa Shekue, haikumwelewa Bi Mwanamkasi. Alijaribu mara mbili, ikajibu kwamba haikuelewa, naye akageukia ukutani. Tangu kuugua alikuwa anaona haya kusema mbele ya watu, kwa vile waliomsikiliza walimtazama kwa huruma. Zamda hakumbembeleza. Alisubiri hadi kesho yake, akaingia na kikombe cha uji, akamwambia, "Mama, hicho kidude hakina macho. Ukikosea hakikutazami. Mimi nakaa hapa nje ya mlango, sitaingia mpaka uniite." Akakaa nje na mchele wake wa kuchambua. Kila alasiri, wiki tano. Alimsikia mama akisema neno moja mara thelathini, akakaa kimya. Mama alipomwita, alimwonyesha namna ya kuvuta pumzi kabla ya kutamka, na akaizoesha spika sauti hiyo nzito, tena na tena. Wiki ya tano, adhana ya Magharibi ilipoanza, Bi Mwanamkasi alisema "Zima zote", na nyumba nzima ikatulia. Alilia siku hiyo, na hakujificha.

Basi ikafika Jumamosi moja, yapata saa kumi na moja jioni. Sebuleni palikuwa na mpira, Shekue na Mzee Kilua wamekaa. Ukumbini palikuwa na tamthilia, Mwanaheri na Zamda wanakata mchicha. Chumbani televisheni ya mgongo ilikuwa ikitoa mawaidha kwa sauti ya kusikika sokoni. Bi Mwanamkasi aliamka taratibu kwenda bafuni na mkongojo wake. Saruji ilikuwa na maji. Aliteleza, kichwa kikagonga ukingo wa mlango, akaangukia upande ule ule uliokufa.

Aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mawaidha yaliimeza. Akaita tena, akamwita Shekue, akamwita Zamda. Sebuleni wakashangilia jambo la mpira. Aliona damu ikichanganyika na maji kuelekea kwenye tundu, na akaogopa sana. Hapo ndipo macho yake yalipoiona spika kwenye rafu, hatua mbili kutoka alipolala. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Akasema, "Zima zote."

Zikazima zote, na nyumba ikawa kimya. Bi Mwanamkasi akajua sasa watamsikia. Akaita, lakini pumzi ilikuwa imemwishia, ukatoka mguno tu.

Mnajua walichofanya? Walitoka nje. Alasiri ilikuwa imepita zamani, Magharibi bado, kwa hiyo hakuna aliyefikiria adhana. Walifanya wanachofanya watu wote wa mtaa ule televisheni ikizima ghafla. Shekue alisema, "Wamekata umeme," akachukua kiti chake kwenda barazani kupunga upepo. Mwanaheri na Zamda wakabeba ungo wa mchicha wakamfuata. Bi Mwanamkasi alisikia kandambili zao zikipita, zikaishia nje, na vicheko vikaanza huko barazani. Maishani mwake hakuwahi kujisikia peke yake kama dakika ile.

Mzee Kilua hakutoka. Kulikuwa na penalti, na mpigaji alikuwa ameshauweka mpira chini. Alibaki kwenye kochi akiitazama televisheni nyeusi, akiisihi irudi. Kisha akatazama juu, akaona panga boi linazunguka. Akajiuliza umeme gani huu unaokatika kwa televisheni tu. Akanyanyuka kumtafuta aliyezima, moyoni amekasirika, akaingia koridoni kwa nia ya kugombana. Hapo akasikia mtu akiguna. Alimkuta Bi Mwanamkasi sakafuni, akavua shati lake akalikandamiza kwenye jeraha, akapiga ukelele, na barazani vicheko vikakatika.

Hospitali walimshona nyuzi kumi na moja. Daktari alisema kama angelala pale nusu saa nyingine, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Akawaambia pia wanawe, pembeni, wakidhani mgonjwa amelala, kwamba kiharusi kikirudi huenda kisimwachie hata ulimi. Mgonjwa hakuwa amelala.

Sasa niwaambie habari za mkeka. Katika ukoo wa Bi Mwanamkasi, kila msukaji husuka mkeka mmoja ambao hauuzwi. Huutoa mara moja maishani, kwa mtu aliyemtendea wema usio na malipo, na ni lazima alitaje jina la mtu huyo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Bibi yake aliutoa kwa mgeni aliyemtoa mtoni. Mama yake aliutoa kwa mkunga. Msukaji akifa bila kuutoa, mkeka humfuata kaburini, na watu husema aliondoka bila kushukuru. Wake Bi Mwanamkasi aliukamilisha mwezi mmoja kabla ya kiharusi, rangi saba, na ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, mwembamba ajabu. Mkono uliousuka hautasuka mwingine.

Ijumaa baada ya sala aliwakusanya wote wanne, na majirani wakajaa hadi mlangoni. Mkeka ukatandazwa katikati. Aliwaambia, pole pole, kila mmoja aseme mkeka uende kwa nani.

Mwanaheri alisema, "Mimi nasema uje kwangu, Mama, sioni haya. Bila spika, huyu angefunga nini na huyu angefundisha nini? Niliiacha mashine yangu ya kushonea Maskati, na mpaka leo naiota."

Shekue alisema, "Spika peke yake ni kopo. Na ningewasikiliza nyinyi nikaishia mbili, ile ya mgongo ingeendelea kupiga kelele chumbani, Mzee Kilua asingesikia mguno wowote. Wewe mwenyewe ulisema mbili zinatosha, dada."

Zamda alikaa kimya hadi mama mkwe alipomwita jina. Akasema, "Shemeji na wifi wamesema kweli. Lakini kile kitu kilikuwa rafuni, kimeunganishwa vizuri, na kilikuwa hakimwelewi. Siku ile Mama hakuwa na kitu kingine cha kujiokoa ila ulimi wake." Kisha akainamisha uso, akaongeza, "Ila na mimi nilitoka na ungo wa mchicha. Hilo sitalisahau."

Na kweli, wote watatu walikuwa wametoka.

Mzee Kilua akakohoa. "Mimi msiniweke. Nilikuwa nakwenda kugombana."

"Lakini ulifika," Shekue akasema.

"Nilifika kwa ajili ya penalti."

Mwanamke mmoja pale mlangoni akasema nia isiulizwe, uulizwe mguu uliokwenda. Mwingine akasema la, wema ni ule uliokusudiwa, na kati ya hawa wanne watatu walikusudia. Wa tatu akauliza kwa nini mkeka usifumuliwe, kila mtu apate ukili wake. Bi Mwanamkasi alimtazama mpaka akarudi nyuma ya wenzake. Mkeka uliofumuliwa haulaliwi na mtu. Na nyinyi mnaotaka kuniambia apewe spika, nawaona. Hiyo haina mgongo wa kulalia.

Bi Mwanamkasi aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa anawapenda, na alijua kwamba jina moja litawaumiza watatu, na kwamba wote wanne watakuja kumjulia hali kesho kama kawaida huku kila mmoja akikumbuka. Alijua pia kwamba akisubiri apate hakika, ulimi unaweza kumtangulia, na mkeka utamfuata kaburini bila jina. Tangu asubuhi kona ya mdomo wake ilikuwa inamchezacheza. Hakumwambia mtu.

Akauweka mkono wake mzima juu ya mkeka. Akavuta pumzi. Kila mmoja wa wale wanne akatazama chini.

Hapo ndipo ninapoachia mimi, nanyi ndio mnaendelea. Aliyeacha chake ili spika ije, aliyekataa kuishia mbili, aliyekaa nje ya mlango wiki tano, na aliyenyanyuka kwa hasira akafika. Ondoa mmoja yeyote, na mama huyu hayupo. Mkeka ni mmoja, ulimi wenyewe hauna muda mrefu, na jina ni lazima litoke sasa. Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Bi Mwanamkasi, ungemtaja nani?