Mwalimu Aliyeanzia Juu

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto arobaini na wawili katika shule iliyo chini ya mlima wenye msitu, wala hakuwahi kukaa nao. Aliitwa Ezrom Shekilindi. Kiti chake kilikuwapo, lakini alikitumia kuwekea vitabu. Akifundisha alitembea kutoka ubaoni hadi dirishani, na dirishani alisimama akiitazama barabara iendayo mjini, kwa maana alikuwa ameomba uhamisho miaka sita na hakuna aliyemjibu. Aliishi kama mtu aliyewahi stendi: mzigo umefungwa, gari halionekani.

Katika sayansi ya darasa la sita lilikuwamo somo la matabaka ya msitu wa mvua. Ezrom alilifundisha kila mwaka kwa namna ileile. Alichora mistari minne ubaoni, akaanzia juu, kwenye ile miti michache inayochomoza kuwapita wenzake wote, inayopigwa na jua kwanza na upepo kwanza. Chini yake aliandika paa la msitu, pale majani yanapofungamana hata mvua inachelewa kupenya. Chini ya paa aliweka vichaka na miti myembamba inayoishi kwa mwanga wa kubahatisha. Tabaka la nne, sakafu, aliliandika jina tu, kwa sababu kufikia hapo muda ulikuwa umekwisha naye amechoka.

Mwaka huo zikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu ataitembelea shule. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkali aliyeitwa Adelina, alimwita Ezrom pembeni akamwambia kwamba mkaguzi akiridhika, huenda hata lile ombi la uhamisho likasikilizwa. Tangu saa hiyo Ezrom alikosa raha. Chakula alikula amesimama. Alianza kufundisha jambo, akaliacha katikati, akaanza jingine.

Akabuni kuujenga msitu kwa watoto wenyewe, pale uwanjani. Alichagua wanne wawe miti mirefu: mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, na wawili wenye sare mpya. Hao aliwapandisha juu ya madawati. Kumi na wanane wakawa paa, wameshikana mikono na matawi. Kumi wakapiga magoti wakawa vichaka. Walibaki kumi, wale wanaotoka huko juu mlimani, wanaofika wamechelewa na miguu ina matope. Aliwalaza chini akawafunika kwa majani makavu.

Kila tabaka lilipewa maneno yake ya kusema. Walifanya mazoezi siku tatu. Siku ya pili msichana mmoja miongoni mwa wale waliolala, jina lake Sikudhani, aliuliza wao watasema nini. Ezrom alikuwa akiwatazama wa juu, matawi yao yamelegea. Alijibu bila kugeuka kwamba sakafu haisemi, akaendelea kunyoosha matawi.

Mkaguzi alitarajiwa saa tatu. Alifika saa sita. Watoto walikuwa juani muda wote huo. Wale wanne wa juu waliletewa maji mara mbili. Waliolala walipandwa na sisimizi, lakini walikuwa wamekatazwa kujitikisa. Ezrom alikwenda getini akarudi, akaenda akarudi, mpaka mwalimu mkuu akamwomba atulie. Alitulia kidogo, kisha akaenda tena.

Mgeni alipokuja, miti mirefu ikasema, paa likasema, vichaka vikasema. Mkaguzi akapiga makofi. Ezrom akaanza maneno ya kushukuru, lakini yule mgeni alikuwa ameinama. Aliliondoa jani usoni mwa Sikudhani, akamuuliza yeye ni nani katika msitu huu na kazi yake ni ipi.

Msichana akaketi, majani yakimwanguka mabegani. Hakuwa na hasira wala kiburi. Alikuwa ameulizwa, akajibu.

"Sijui, mzee. Mwalimu hajafika kwetu."

Mmoja wa wale wa juu alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Mkaguzi aliwauliza na wale tisa wengine, wote wakatikisa vichwa. Akaandika jambo katika daftari lake, akashukuru kwa sauti ya upole, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Mwalimu mkuu alimwita Sikudhani ofisini. Alimwambia kwamba ameitia shule aibu mbele ya mgeni, na asionekane tena mpaka mama yake aje kujibu. Ezrom alikuwa amesimama palepale. Alijua kwamba neno moja lake lingetosha. Akageukia dirisha. Aliposikia mlango, msichana alikuwa ameshatoka.

Siku nne nafasi yake ilikuwa tupu. Siku ya tano zikawa tupu nafasi tatu, kwa kuwa wapo wawili waliokuwa wakifuatana naye katika njia ya msituni, nao waliogopa kupita bila yeye. Ezrom alijikuta akiwahesabu watoto katikati ya sentensi. Aliandika neno ubaoni akalifuta, akaliandika tena vilevile. Darasa lilimtazama. Watoto walijua anachohesabu.

Jumamosi akapanda mlimani. Alimkuta mama yake Sikudhani akichuma iliki chini ya miti mikubwa, pale shamba linapokutana na msitu, na binti yake yu pamoja naye. Msichana alimwamkia kwa heshima kama alivyozoea. Ezrom akaanza kueleza. Alieleza kuhusu ratiba, kuhusu ukaguzi, kuhusu taratibu za ofisi, na huku anaeleza alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu ule. Yule mama alichuma mpaka akamaliza shina lililokuwa mbele yake. Kisha akasema:

"Kaa chini, mwalimu. Tangu umefika unatafuta njia ya kuondoka."

Ezrom akakaa, na suruali yake nzuri. Unyevu ulimpenya mara moja. Hakujua mikono aiweke wapi.

Ndipo Sikudhani, bila kuambiwa, akaanza kufunua majani kando ya goti la mwalimu wake. Ya juu yalikuwa makavu. Ya chini yake yalikuwa laini kama kitambaa kilicholowa. Chini ya hayo palikuwa na udongo mweusi, na ndani yake nyuzi nyeupe za uyoga, nyembamba kama uzi wa kushonea, zikitoka kwenye jani lililooza kwenda kwenye mizizi. Kulikuwa na jongoo, na mchwa, na vidudu ambavyo Ezrom hakuyajua majina yake. Msichana alipochimba kina cha upana wa kiganja kimoja tu, udongo mweusi ukaisha, ukaanza udongo mwekundu usio na kitu. Kisha akamwonyesha mizizi ya ule mti mkubwa uliokuwa nyuma yao, mti ambao watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Mizizi haikuwa imezama. Ilikuwa imetandaa palepale chini ya majani, ikinyonya kilichoachwa na vilivyooza. Mti wote ule ulikuwa ukila kwenye kiganja kimoja cha udongo.

Mama naye akamwonyesha mche wenye majani manne, urefu wake haufiki kidole. Alisema aliukuta hapo alipokuwa na mimba ya Sikudhani, na tangu hapo haujaongezeka. Hauumwi. Unangoja mti mkubwa mmoja uanguke, mwanga ufunguke.

Ezrom alipiga hesabu, akapata zaidi ya miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa amengoja sita, akadhani hakuna kiumbe aliyecheleweshwa kama yeye. Alikaa pale mpaka kivuli kikahama, na safari hii hakuna aliyemwambia akae.

Jumatatu aliingia ofisini pamoja na msichana na mama yake, akasema kosa ni lake na mtoto alisema kweli. Mwalimu mkuu alimuuliza kama anajua anachokisema, wakati jina lake liko mezani kwa mkaguzi. Alijua. Sikudhani akarudi darasani, na wale wawili wakarudi. Jina la Ezrom halikutajwa katika uhamisho wa mwaka ule.

Siku hiyohiyo aliwatoa wote uwanjani na kuwaambia kwamba leo kila mtu ataanza kwa kuwa sakafu. Mtoto wa mwenye duka alisema baba yake hakumnunulia sare ili ailaze vumbini. Ezrom hakubishana naye. Alilala chini yeye mwenyewe, na tai yake shingoni, akawaomba wale kumi wa mlimani wamweleze yuko wapi. Sikudhani akaanza na jani. Mwingine akaongeza jongoo, mwingine uyoga, mwingine mizizi. Mmoja baada ya mwingine wenzao wakaja wakalala. Mtoto wa mwenye duka alikuja wa mwisho, akachuchumaa tu pembeni, na hapo ndipo alipofika siku ile. Kutoka chini wakaujenga msitu kwenda juu, vichaka, kisha paa. Waliochaguliwa kuwa miti mirefu walisimama ardhini kama wengine, na bado walikuwa warefu.

Ezrom hakupata utulivu. Hata leo hakai, na anayepita nje humwona akizunguka. Ila anazungukia madawati ya nyuma, anainama, anauliza, anarudia, na mara nyingi kipindi humwishia hajaridhika.

Basi nanyi mliopewa watu wa kuwafundisha, kuwalisha au kuwaongoza, siku mtakaposema mmemaliza, mtakuwa mmemuuliza nani?