Jina Moja Kwenye Kisanduku

Sogeeni hapa, na mwenye usingizi akalale kabisa, maana mwisho nitauliza swali na sitaki mtu anikodolee macho.

Kulikuwa na kiwanda cha unga wa uji wa watoto kule Uyole, Mbeya. Humo walikuwamo watu watatu, kila mmoja na chake. Lwitiko, kijana wa kompyuta, alikuwa na jicho: namba iliyokaa vibaya aliiona kabla hajavuta kiti. Subilaga wa maabara alikuwa na kinywa kisichojua kuficha, hata kama ukweli unamchoma yeye mwenyewe. Na Tusajigwe, msimamizi wa zamu, alikuwa mbishi. Akishasema hapana, nenda kalale.

Tusajigwe alikuwa na dukuduku moja. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa kimefungiwa kufuli na Meneja Kyando, eti wafanyakazi wanakibonyeza ili wapumzike. Ufunguo alitembea nao yeye. Siku Ikupa, shoga yake Tusajigwe, alipobanwa mkono, meneja alikuwa nje anaongea na simu. Mpaka ufunguo ufike, vidole viwili vilishakwenda. Tangu hapo Tusajigwe alitaka kitu kimoja tu pale kiwandani: neno la kuisimamisha ile mashine litoke kinywani mwake, si mfukoni mwa mtu aliye nje. Na alikitaka kweli, msidhani ni maneno ya kupita.

Sasa, kompyuta ya kiwanda ilikuwa na masharti yake. Zamu haifungwi mpaka kila kisanduku kwenye kioo kijazwe namba, kikiwemo cha unyevu wa karanga zinazosagwa kwenye unga ule. Karanga zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ule ni sumu kwa mtoto. Kipimo cha unyevu kikaharibika. Subilaga akaomba kingine, akaambiwa asubiri. Kisanduku hakikusubiri, kiliendelea kudai namba, na watu wanataka kuwahi magari. Basi wakawa wanaandika namba ya jana. Na ya jana ilikuwa ya juzi. Taa ya kijani, ya kusema mambo yote sawa, ikawaka kila jioni, na Kyando akawa anawaonyesha wageni ile taa kwa fahari.

Siku moja mvua imeshinda ikinyesha, Lwitiko akatazama namba zile akashtuka. Wiki nzima ya mvua, na karanga zina ukavu wa kiangazi? Akaenda kwa meneja.

"Taa ni ya kijani?" Kyando akamuuliza.

"Ni ya kijani, bosi, lakini..."

"Basi rudi kakae."

Hakurudi kukaa. Alishuka kwenye mashine, akawaambia wote kwa sauti kwamba taa inadanganya. Angenyamaza, hakuna mwingine ambaye angefikiria kutazama.

Subilaga alikuwa pale. Angeweza kujifanya hajasikia. Akasema, "Namba hizo ni zangu. Nilinakili. Naenda kuazima kipimo." Kyando, aliyekuwa amemfuata Lwitiko, akamwambia akithubutu kutoka getini saa za kazi asirudi. Akatoka. Alivuka barabara na mvua ile, akaazima kipimo kwa wanunuzi wa mahindi, akarudi kwa mlango wa mizigo akiwa amelowa chapachapa. Akapima. Karanga zilikuwa mbichi, na magunia ya chini yalishaota ukungu. Bila yeye, Lwitiko alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi hauzimi mashine.

Wakati huo karanga zile zilikuwa zinasagwa na mifuko inapakiwa kwenye lori. Tusajigwe akamfuata meneja.

"Bosi, zima."

"Mzigo una wenyewe huu. Tutaongea jioni."

"Jioni lori liko barabarani. Nipe ufunguo."

"Wewe mama, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana siombi tena."

Akachukua spana kubwa akalipiga kufuli mpaka likaachia, akabonyeza. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Umefukuzwa kazi," Kyando akasema.

"Sawa, nimefukuzwa. Lakini haiwaki." Akageuza ndoo, akaikalia mbele ya kitufe, spana mapajani. Hasira ilikuwa imemjaa, na hakuondoka mpaka mwenye kiwanda alipofika.

Mwenye kiwanda, Mama Mwaipaja, alizitazama karanga, akazinusa, akawasikiliza wote. Unga wote ukarudishwa ndani. Kyando akaambiwa aende nyumbani asubiri simu. Kisha Mama akawaita wale watatu ofisini, mbele ya kompyuta.

"Kufuli halirudi," akasema. "Lakini hapa kuna kisanduku cha jina moja. Mwenye jina hilo akisema mashine isimame, inasimama. Akisema unga hautoki, hautoki, hata mimi nikilia. Niandike nani?"

Najua mnachongoja. Mnangoja waanze kusukumiana: wewe ndugu yangu, hapana wewe. Thubutu.

"Andika langu, Mama," Lwitiko akasema. "Nisingeona, mngesaga mpaka leo."

"Na nani alitengeneza kisanduku kisichokubali kuachwa kitupu?" Mama akamuuliza.

"Mimi. Na mimi ndiye ninayejua pa kukirekebisha."

"Langu," Subilaga akasema. "Mimi ndiye niliyepima."

"Na nani aliyenakili?"

"Mimi, na nilisema kabla sijaulizwa. Umemsikia nani mwingine akijisema humu?"

"Langu," Tusajigwe akasema.

"Na nani alikuwa akiwahimiza wafunge zamu haraka?"

"Mimi, Mama. Nilitaka watu wangu wafike kwao. Lakini wenzangu walijua mashine inasaga sumu, na ikaendelea kusaga mpaka nilipovunja kufuli. Ikupa ana mkono wenye vidole vitatu. Sijitoi."

"Weka yote matatu," Lwitiko akasema.

Mama Mwaipaja akatikisa kichwa. "Kipimo kilikuwa cha watu wengi, na kila mtu akadhani mwenzake ndiye atakayekisemea. Hapana. Amueni wenyewe. Mashine inawaka asubuhi. Msipokubaliana, jina la jana linabaki, na mwenyewe nitampigia simu arudi. Kyando ni mkosaji, lakini ni mmoja."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Tusajigwe akakitazama kioo. Jina la Kyando lilikuwa mle kisandukuni. Akaliweka mezani kufuli lililovunjika, akavuta kiti akakaa. Wenzake nao wakavuta viti.

"Jina lile likilala humu," akasema, "mimi spana ninayo bado."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeinuka.

Haya, zamu yenu. Aliyeona, aliyepima, na aliyevunja kufuli. Ungemtoa mmoja, unga ule ungefika vikombeni. Na kila mmoja ana doa lake. Msinijibu "wote," mlango huo Mama ameshaufunga. Wewe uliyekaa hapo unaitikia kwa kichwa tangu mwanzo, kaa kwenye kile kiti: ungeandika jina la nani? Na jibu upesi, kwani jina la Kyando bado limo.