Wasifu Uliogoma Kufunguka

Isome mpaka mwisho kwanza, halafu ndiyo umtumie huyo unayemfikiria.

Mwalimu Ambakisye wa Tukuyu anafundisha kompyuta. Mama yake alipofariki, ukoo ulimpa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Aliandika vizuri, ila kwenye majina ya watoto alimruka mdogo wake, Atuganile, aliyeolewa bila ridhaa ya kaka huyo.

Asubuhi ya mazishi Atuganile alifika, akausoma wasifu kwenye kompyuta ya kaka yake.

"Kaka, mimi sikuzaliwa na mama?"

"Nilipitiwa tu. Yale ya zamani nilishayafunga."

"Basi niandike. Watu wakisomewa hivi makaburini, na mimi nitakuwa nimezikwa."

Ambakisye aliona aibu. Alilifunga faili la wasifu lililokuwa wazi kwa kusomwa tu, akaenda kulifungua upya ili arekebishe. Kompyuta ikagoma: faili limefungwa.

"Si nimelifunga mwenyewe sasa hivi? Mbona halifunguki?"

Akajaribu tena. Limefungwa. Akamlaumu binamu yake aliyeazima kompyuta jana. Binamu akaapa hajagusa kitu. Akalaumu virusi. Nje, vijana walikuwa wameshaanza kubeba jeneza.

Atuganile akainama, akasoma ujumbe wote, maana kaka yake alikuwa anaishia mstari wa kwanza.

"Kaka, hapa wanasema limefungwa na Ambakisye."

Mwalimu aliusogelea ujumbe, akausoma mwenyewe. Tatizo hilo alilijua, huwafundisha wanafunzi wake kila muhula. Dirisha hufungwa, lakini programu hubaki ikiendelea chini kwa chini, imeng'ang'ania faili, haimpishi mtu yeyote, hata mwenyewe. Akatafuta kwenye programu zinazoendelea, akaikuta, akaisimamisha. Faili likafunguka papo hapo.

"Ni mimi niliyeshikilia," alisema. "Tangu siku ya harusi yako."

Akaandika jina, akachapa, wakatoka pamoja.

Makaburini alisoma majina ya watoto wote. Alipofika kwa Atuganile aliongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "Mdogo wangu, ninayempenda." Atuganile alilia kuliko alivyolia siku ya msiba wenyewe.

Funzo: Kulifunga jambo si kuliachia. Kabla hujauliza nani amelishikilia, soma ujumbe wote. Huenda jina lililoandikwa pale ni lako.