Gari la Kwemhasha Liandikwe Jina la Nani

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya sungura na fisi, ni zamani hii hii ya magari na simu, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemhasha, juu kabisa katika milima ya Usambara. Huko mwanamke akishikwa na uchungu alishushwa kwa machela. Wanaume wanne mabegani, njia yote kona na utelezi, na hospitali iko bondeni. Mwaka mmoja walimshusha binti aliyeitwa Saumu. Walipofika chini, walikuwa wamebeba maiti.

Wanawake wa Kwemhasha wakasema basi, imetosha. Wakauza viazi, wakauza kabichi, msimu baada ya msimu, hadi wakapata bei ya gari moja lililotumika. Moja tu, jamani, hakuna la pili. Wakamtuma Mama Hoza akalinunue, kwa kuwa mkwewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtu wa namna hiyo hafanyi mzaha.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kitu cha kijiji Kwemhasha hakipewi jina la tajiri wala la mwenyekiti. Kinapewa jina la mtu aliyekiepusha kijiji na hasara. Mashine yao ya kusaga inaitwa Sabina, maana Sabina ndiye aliyegundua kwamba jiwe la kwanza walilouziwa lilikuwa na ufa. Sabina amekufa siku nyingi, lakini hadi leo watoto wanatumwa: "Peleka mahindi kwa Sabina." Nani asiyetaka hivyo?

Mama Hoza akateremka mjini na watu watatu. Mzee Mbelwa, aliyeendesha lori la mbao miaka thelathini. Fundi Ngoda, mshona nguo, aliyekuwa na safari yake ya kununua uzi. Na Shangazi Kiluwa, mfinyanzi wa vyungu, ambaye aling'ang'ania kuja na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Wakafika kwenye yadi ya magari, pembeni mwa barabara ya mteremko. Mzee Mbelwa akalikimbilia gari moja jekundu, linang'aa mpaka unajiona meno.

"Mama Hoza, tusihangaike. Gari ndilo hili!"

Mwenye yadi, Bwana Shauri, akatabasamu. "Mzee una jicho. Lilikuwa la mwalimu mmoja, shuleni na nyumbani, basi. Tazama kilomita zake, elfu arobaini tu."

Mama Hoza akalitazama, na moyoni akamwona mkwewe amekaa kiti cha nyuma, ametulia, anateremshwa bila kurushwarushwa. Akalipenda palepale.

Shangazi Kiluwa akapanda nyuma. Akanusa. "Mh! Marashi yote haya ya nini? Mnaficha nini humu?" Akaushika mkanda wa kiti, akauvuta. Akauvuta tena, mpaka ule mwisho wake ambao hakuna mtu anayeufikia. Huko mwisho palikuwa na doa la kahawia. Akalikwangua kwa ukucha, akalisaga kati ya vidole, kisha, wallahi, akalitia ulimini.

"Hili si vumbi la barabara," akasema. "Hili ni tope la mto, lile laini la chini kabisa. Gari hili lilizama, na lilikaa majini."

Mama Hoza akamkodolea macho. Miaka yote amepikia vyungu vya shangazi yake, hakujua kama ulimi ule unaweza kusoma maisha ya gari! Lakini Bwana Shauri akacheka. "Bibi, jana vijana waliliosha, wakamwaga maji ovyo." Na Mama Hoza akamsadiki, kwa sababu alitaka kumsadiki. Shangazi akanyamaza, akabaki amekaa humo humo.

Ngoda alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa dereva, anaitazama pedali ya breki.

"Mama Hoza, mimi nakanyaga cherehani mwaka wa ishirini huu," akasema polepole. "Njoo uone. Mpira umelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Kilomita elfu arobaini hazili mpira hivi. Namba zimerudishwa nyuma. Na hivi viti vimevishwa juzi, uzi bado una nta."

"Umeyaona saa hizi?"

Ngoda akainamisha kichwa. "Niliyaona tulipofika. Nikaona haya kusema mbele ya Mzee Mbelwa. Mjuzi wa magari ni yeye."

Mama Hoza akapitisha kidole kwenye ule mpira. Lahaula! Fundi nguo na mfinyanzi wanaliumbua gari mbele ya macho yake! Bwana Shauri akatoa kitambaa, akajifuta jasho, akashusha bei. Akashusha tena, mpaka zikabaki fedha za kununulia godoro na mablanketi ya akina mama wazazi.

Hapo, ndugu zangu, mama wa watu akalegea. Akatia mguu mmoja garini. "Mzee Mbelwa, washa tuteremke hadi darajani, tulijaribu."

Mzee Mbelwa akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo. "Bwana Shauri, mbona injini ina moto? Mmeiwasha kabla hatujafika?"

Mzee akauchomoa ufunguo garini, akautia mfukoni, akakaa juu ya tairi kuukuu. "Mimi siteremki mlima na gari nisilolisikia likiamka. Nasubiri lipoe; injini yenye moto huficha ugonjwa wake."

Bwana Shauri akafoka. Mama Hoza akabembeleza, akakasirika, akamwita mzee mkaidi. Mzee hakunyanyuka mpaka chuma kilipopoa kabisa. Ndipo akamshusha Shangazi, akawaambia wote wakae mbali. Akafungua kifuniko cha oili, ndani oili nyeusi, nzito kama lami. Akawasha. Injini ikagonga gonga, moshi wa buluu ukaifunika yadi. Akaenda hatua kumi tu, akakanyaga breki.

Pedali ikazama hadi sakafuni. Gari likaendelea kwenda, taratibu, kama halina mtu, mpaka likaegemea tuta la udongo. Chini yake maji ya breki yalikuwa yanachuruzika, bomba limeliwa na kutu. Na nyuma ya tuta lile ilikuwa barabara, na upande wa pili wa barabara, korongo.

Mama Hoza akakaa chini palepale, akalia.

Wiki iliyofuata walinunua gari jingine, rangi imepauka, lakini wote watatu walilipitisha. Likamteremsha mkwe wa Mama Hoza, likamrudisha na mtoto kifuani. Kijiji kizima kikatoka. Mchoraji akaja na brashi yake, akasimama nyuma ya gari. "Haya, jina?"

"La kwangu," akasema Shangazi Kiluwa. "Ugonjwa niliutaja mimi, na kutu ile ilitokana na tope langu."

"Ukanyamaza, ukabaki umekaa ndani," akajibu Mzee Mbelwa. "Wewe Ngoda ulijua, ukafunga mdomo. Mimi ndiye niliyekataa. Bila mimi mngekuwa korongoni."

"Na nani aliyetupeleka kwenye gari lile, mzee?" akauliza Ngoda. "Ulilisifu kabla hujaligusa. Uliligusa boneti baada ya kunisikia mimi. Aliyeuvunja uongo ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Mama Hoza. Naye akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, mjukuu amelala mgongoni.

Mpaka leo hajataja jina. Sasa nyie mliokaa hapa mnanitazama, nisaidieni: gari lile liitwe nani? Kiluwa, Ngoda, au Mbelwa?