Kwa Nini Mafuta ya Kujipaka Yana Rangi ya Kike na ya Kiume

Zamani sana, rangi zilipokuwa bado hazijagawiwa watu, mume na mke walijipaka mafuta kutoka kibuyu kimoja, wala hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Katika mji wa Kitoka aliishi mwanamke aitwaye Mkasi, aliyepika mafuta ya nazi kwa mrehani na maua ya kilua. Mumewe, Vuai, alikuwa mchoma chokaa, na bila mafuta yale mikono yake ilipasuka ikatoa damu. Mwaka mmoja vibuyu viliadimika, Mkasi akanunua vitungi vya udongo. Vingine vilikuwa vyekundu, vingine vimeiva kwa moshi vikawa vyeusi. Akavijaza vyote kutoka chungu kimoja.

Sokoni, wanawake waliotangulia walichukua vyekundu kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa mbele. Kisha akaja Makame, mfua chuma.

“Hivi vyeusi ndivyo vya wanaume?”

“Mafuta ni yale yale, kaka.”

“Najua. Basi nipe cha wanaume.”

Mkasi hakuelewa amejibiwa nini. Lakini wanaume wote waliomfuata Makame walitaka cheusi, mpaka vikaisha.

Siku chache baadaye Vuai alirudi kutoka kazini mikono ikivuja damu. Mkasi akamletea kitungi chekundu. Vuai akakisukuma kando.

“Mke wangu, unataka ninukie kike mbele ya wenzangu?”

“Si haya haya uliyojipaka juzi?”

“Ya juzi yalikuwa makali.”

Mkasi akanusa, akanusa tena. Akaanza kuishuku pua yake mwenyewe. Pengine alikosea kitu jikoni bila kujua. Lakini damu ilikuwa inadondoka sakafuni. Akachukua kitungi cheusi alichotumia Vuai juzi, kilichokwisha mafuta, akamiminia humo mafuta ya kile chekundu, Vuai akimtazama mpaka tone la mwisho. Ndipo akanyoosha mikono apakwe.

“Ehee,” akashusha pumzi. “Haya sasa ndiyo ya kiume.”

Mkasi akamkazia macho aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Na tangu siku hiyo wapika mafuta na manukato hutia bidhaa zao katika vyombo vya rangi mbili, na mnunuzi huchagua rangi kabla hajafungua kifuniko. Mkasi naye aliishi hadi uzeeni, mabinti zake wakimwuliza mafuta ya kiume hupikwaje, na kila mara aliwaonyesha chungu kile kile kimoja.